Dhahabu ya Mkono wa Kushoto

Shemeji yangu Hermero hajui kusema uongo. Msifikiri namsifu. Mtumwa wa karakana ya sarafu ya Kaisari hapa mjini Lugduno asiyejua kusema uongo ni mtu mwenye ugonjwa, na ugonjwa huo nusura umgharimu mikono yake yote miwili. Dada yangu Iukunda alipoanza kuishi naye nilimwambia, "Huyu atakuua kwa njaa." Akanijibu, "Afadhali njaa kuliko wewe na mdomo wako." Tangu hapo tumekaa chumba kimoja, watatu, tukigombana kila siku na kula chungu kimoja.

Karakana yetu ni moja lakini heshima si moja. Hermero anachonga mihuri ya sarafu. Mimi, Trofimo, napiga nyundo. Muhuri mmoja umepachikwa kwenye fuawe, nao una uso wa Kaisari. Wa pili unashikwa juu yake, nao una picha ya upande wa nyuma. Katikati unawekwa mduara wa dhahabu uliopashwa moto, halafu mimi nashusha nyundo. Wachongaji husema yangu ni kazi ya punda. Sawa. Walete punda wapige.

Nimepiga picha za kila aina mpaka zimenichosha. Mavuno yakiharibika na mkate ukiadimika Rumi, sisi huletewa amri ya kuchonga pembe iliyofurika matunda. Vita ikitushinda, tunachonga Ushindi, yule binti mwenye mabawa na taji mkononi. Kaisari akiwa hoi kitandani, tunamchonga juu ya farasi. Kwa hiyo mwanzo wa majira ya maua, amri ilipokuja kwamba dhahabu ya zawadi kwa askari wa mto Rheno iwe na mikono miwili iliyoshikana, na maneno "Uaminifu wa Majeshi" kuizunguka, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Uaminifu ulikuwa umekwisha. Kule Rheno kulikuwa na jemadari mmoja ambaye askari walikwisha anza kumwita Kaisari kwa mnong'ono, na Kaisari wa Rumi alitaka kuwashika mkono kabla hawajaupaza mnong'ono ule.

Basi Hermero, fundi wa mafundi, akasema hataki kunakili mikono ya sarafu za zamani. Anataka mikono ya watu hai.

"Keti hapo, Trofimo. Mpe dada yako mkono."

"Kwani tumegombana?"

"Nyie hugombana kila siku. Leo mtashikana."

Tukashikana. Mimi huku, Iukunda kule, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, jua likitupiga kupitia dirisha la karakana. Hermero akainama juu ya chuma chake na kapatasi kake kembamba, akitazama, akikata, akitazama, akikata. Mkono wangu ukafa ganzi. Dada alinifinya kwa kucha kila nilipojitikisa. "Mkono wako unanuka moshi," akasema. "Wako unanuka vitunguu," nikasema. "Nyamazeni, mishipa inasogea," akasema Hermero. Nilidhani ni upuuzi mtupu, lakini muhuri ulipokamilika hata mimi nilinyamaza. Ungeona kucha. Ungeona mshipa kwenye mgongo wa kiganja.

Tukapiga mfuko wa kwanza. Nyumbu wa jeshi wakaubeba kwenda Rheno, chini ya akida mmoja aitwaye Barbato, na tukaambiwa angerudi kuchukua uliobaki. Tukaendelea kupiga.

Hapa kwetu kuna desturi. Fungu la dhahabu likikamilika, mchongaji na mpiga nyundo hushikana mkono wa kulia juu ya fuawe na kila mmoja husema, "Mkono wangu mtupu," maana yake hakuna aliyechomoka na chembe. Ndivyo tulivyofanya mchana ule, kipande cha mwisho kilipotoka. Hermero alikuwa na kile kipande katika mkono wa kushoto, akikigeuza kwenye mwanga, akijipendea kazi yake. Nikainamisha kichwa nikitazame na mimi. Nikatazama sarafu, nikatazama mikono yetu. Nikatazama tena.

"Shemeji," nikasema, "usiachie."

"Niachie nini? Jasho lako linanidondokea."

"Usiachie mkono, nakwambia. Itazame hiyo sarafu, halafu tutazame sisi."

Akatazama. Ilikuwa kama mtu anayejitazama majini: kila kitu kipo, lakini upande si wake. Mkono ambao kwetu ulionesha mgongo, kwenye dhahabu ulionesha vidole.

"Ni ya kushoto," akasema.

"Punguza sauti."

"Trofimo, nimechonga mikono ya kushoto!"

"Nimesema punguza sauti! Unataka na tanuri lisikie?"

Ni kosa ambalo mtu wa mitaani hawezi kulifanya hata akitaka. Mchongaji hukata kila kitu kinyume, ili sarafu ikitoka iwe sawa. Uso unaotazama kulia hukatwa ukitazama kushoto, na maandishi hukatwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hermero amefanya hivyo tangu utotoni hadi hafikirii tena, na siku ile maandishi aliyageuza na kila herufi ikakaa mahali pake. Lakini mikono ile hakuikata kwa mazoea. Alituweka mbele yake, akatupenda jinsi tulivyokaa, akakata alichokiona. Sote tuliyaona maandishi yako sawa, tukaona kucha, tukasifu kucha.

Na kushoto ni nini? Ni mkono wa kuibia, ule ambao mtu huuficha ndani ya vazi. Hakuna anayemwapia mwenzake kwa mkono wa kushoto ila yule anayetaka kiapo chake kisihesabike. Kaisari alikuwa amewatumia askari wenye hasira dhahabu inayosema: nawadanganya. Mtumwa anayechezea sarafu ya Kaisari hukatwa mikono, na asipokufa kwa hilo watu husema ana bahati. Sijui ni bahati gani hiyo.

Hermero aliketi kwenye benchi akaviweka viganja vyake juu ya magoti, akavitazama. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mfuko mmoja umekwenda, huo hatuuwezi. Hizi zilizobaki tutazipasha moto, tutazipiga upya. Wewe chonga muhuri mwingine sasa hivi. Bwana Fuskino akiuliza, tunasema ule wa kwanza umepasuka. Mihuri hupasuka."

"Lakini haujapasuka."

"Utapasuka sasa hivi."

Nikaulaza kiubavu juu ya fuawe nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Ukagawanyika vipande viwili, na kelele yake haikuwa kama kelele ya kazi. Kila mtu wa karakana anaijua sauti ya dhahabu ikipigwa. Na bwana Fuskino, msimamizi wetu, alikuwa mlangoni kabla sijainyanyua nyundo.

Niwaambie kuhusu Fuskino. Nyumbani kwake ana sanamu ya marumaru ya Kaisari, mwili mmoja mzuri wa kijeshi, na shingoni ina tundu la kupachikia kichwa. Kaisari akibadilika, hubadilisha kichwa. Nimempelekea mwenyewe vichwa viwili vya zamani ghalani, nikivibeba kwapani kama matikiti. Hakuna ubaya, watu wote wenye mali hufanya hivyo. Lakini Fuskino hukibadilisha mapema kidogo kuliko wengine, na hujivunia jambo hilo akishakunywa.

"Nini hicho?" akauliza.

"Muhuri umepasuka, bwana," nikasema. "Chuma kibaya."

Alikuwa anaondoka. Naapa alikwisha geuka. Kisha akamtazama Hermero, ambaye uso wake ulikuwa umekauka, akamuuliza, "Ni kweli?"

Nikamkazia macho shemeji yangu. Nilimwomba kwa macho, nikamtukana kwa macho.

"Hapana, bwana," Hermero akasema. "Trofimo ameuvunja sasa hivi kwa sababu nilikosea. Mikono ni ya kushoto."

Nilichapwa kwa ajili ya ule muhuri, nalo silalamikii, mgongo wangu umezoea. Kilichonitisha ni kwamba Fuskino hakupiga kelele. Aliichukua sarafu, akaishika pembeni ya mkono wake mwenyewe, akailinganisha muda mrefu. Halafu akaanza kunena polepole, kama mtu anayepanga vyombo mezani.

"Mfuko uko kambini. Askari wakiona, watauliza ni nani. Akida atakuja kuuliza ni nani. Nitakuwa na mtu wa kumpa." Akaagiza mnyororo. "Asichonge, asiguse kitu. Mikono yake nataka ikutwe ilivyo."

Wakamfunga vifundo vya mikono kwenye benchi lake mwenyewe, mbele ya dirisha lilelile. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga dhahabu. Tulifagia, tukachekecha majivu ya tanuri kutafuta chembe, tukasubiri. Kila nyumbu alipolia barabarani, watu wote karakanani waliinua vichwa isipokuwa yeye.

Iukunda alikuja kila siku na bakuli la dengu. Alimlisha kwa kijiko, maana minyororo ilikuwa mifupi. Nilijifanya nafagia karibu.

"Akida akija utasema ulikuwa na homa," akamwambia.

"Sikuwa na homa."

"Basi jua lilikuwa machoni."

"Jua lilikuwa mgongoni kwangu, mke wangu. Ninyi ndio lilikuwa machoni mwenu."

"Hermero! Sema basi ni mimi. Sema nilikupa mkono wa kushoto."

"Ulinipa wa kulia. Na ulikuwa mzuri, ndiyo maana nikasahau."

Dada yangu akakitupa kijiko ukutani. Kisha akakiokota, akakifuta kwa nguo yake, akaendelea kumlisha, machozi yakimdondokea ndani ya bakuli. Akiondoka alinishika vazi mlangoni. "Wewe mwenye maneno mengi," akasema, "fanya kitu." Ningefanya nini? Sikuwa na hata uongo mmoja ambao mume wake asingeuharibu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile kwa ajili ya mtu mwingine, na lilinikasirisha sana kwamba mtu huyo ni yeye.

Akida Barbato alifika asubuhi yenye vumbi, na askari wachache na nyumbu. Nilitarajia jitu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole, midomo imepasuka kwa upepo wa njiani. Aliomba maji ya siki, kinywaji cha askari, akayanywa amesimama, akamshukuru aliyemletea. Fuskino alikuja mbio kutoka nyumbani kwake na vazi limekaa vibaya, akiwa tayari kunyoosha kidole kuelekea kwenye benchi. Niliona kidole kinanyanyuka.

"Bwana Fuskino," akida akasema kabla hajaambiwa neno lolote, "kambi nzima inazungumza juu ya sarafu zenu."

Kidole kikashuka. "Wanasema nini?"

"Wanacheka. Wanasema hatimaye Rumi imesema kweli. Kaisari anatushika kwa mkono wa wizi, na ameuchapa kwenye dhahabu." Akatabasamu kidogo. "Wanasema Lugduno kuna mtu wetu. Mtu jasiri. Nimetumwa nimfahamu."

"Umetumwa na nani?"

"Na watu ambao hawasahau wema."

Aliyekuwa akichekecha majivu aliacha. Nilimtazama Fuskino, na nilimwona akifikiri, nikajua anafikiri nini, maana nimebeba vile vichwa. Upande wa Rheno unapanda. Upande wa Rumi unashuka. Na hapa mbele yake kuna mtu wa Rheno anayetafuta wa kumshukuru.

"Ni mimi, bwana akida," Hermero akasema kutoka kwenye benchi.

Nilifumba macho.

"Wewe ni nani?" Barbato akauliza.

"Mchongaji, bwana. Lakini sikuwa jasiri, nilikosea. Mikono inatakiwa kukatwa kinyume, mimi nikakata nilivyoiona. Nilikuwa namtazama mke wangu na shemeji yangu wameshikana, nikasahau kugeuza. Hakuna aliyeniagiza."

"Ulisahau tu?"

"Nilisahau tu."

Akida alimtazama muda mrefu, akautazama mnyororo, akaitazama ile mikono. Halafu akamgeukia Fuskino kwa upole uleule. "Bwana, nawe wasemaje? Ukiniambia ni kosa, basi ni kosa. Mtachonga upya, nami nitachukua mzigo niondoke, mambo yameisha."

Nilisema moyoni: sema ni kosa. Ewe mtu wa vichwa vitatu, mara moja tu maishani mwako sema kitu kama kilivyo, na sote tutalala nyumbani.

Fuskino akatembea mpaka kwenye benchi akampiga Hermero kofi la mdomo.

"Karakana yangu haina makosa," akasema. Alikuwa anacheka, uso umemwiva kwa furaha. "Msamehe, akida. Ni mtumwa, hajui kinachoendelea. Nilimpa mfano wa kukata, akakata, akaja kugundua baadaye, akaingiwa na hofu akataka kuigeuza mikono. Unaona nimemfunga. Ningefanyaje? Angeniharibia."

"Kwa hiyo ni agizo lako."

"Langu."

"Mikono ya kushoto. Kwa kusudi."

"Kwa kusudi kabisa! Nilijua askari wana macho. Nilijiwazia, maneno hayawezi kufika Rheno bila kusomwa na majasusi njiani, lakini dhahabu itapita popote. Nani atasimamisha dhahabu ya Kaisari?" Akalisogeza vazi lake begani, likakaa vizuri sasa. Kwa kweli alikuwa amependeza. Alikuwa anajiamini kuliko nilivyowahi kumwona. "Kila picha ina lugha yake, akida. Pembe ni shibe, usukani ni bahati, kulia ni kiapo. Na kushoto, aa, kushoto ni kwa wenye akili."

"Una hakika unataka niyapeleke hivyo? Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu. Mwambie yule anayestahili kuvaa zambarau ya Kaisari kwamba Fuskino wa Lugduno alimtambua mapema, kabla ya wengine wote."

Akida akakiweka kikombe cha siki juu ya fuawe yangu. Alikiweka taratibu, kama mgeni anayeogopa kuvunja chombo cha watu.

"Asante," akasema. "Mkamateni."

Askari wawili walikuwa wamekwisha mfikia Fuskino ubavuni. Sikuwaona wakisogea. Hata yeye hakuelewa mara moja, alidhani wanamkamata Hermero, akajitenga ili awapishe. Waliposhika mikono yake, ndipo uso ulipomporomoka.

"Mimi ni mtu wenu!"

"Mimi ni mtu wa Kaisari," Barbato akasema. "Aliyeko Rumi. Yule jemadari wenu tulimzika kabla sijaondoka kambini, na sasa ninapita mji hadi mji nione ni nani walikuwa wanamsubiri."

"Ni kosa!" Fuskino akapiga kelele. "Ni kosa la mtumwa! Muulizeni! Hermero, waambie, waambie ulikosea!"

"Nilimwuliza. Akanijibu. Wewe ukampiga kofi."

Na hapa ndipo niliposhuhudia ule ugonjwa wa shemeji yangu ukiwa umefikia kilele. Damu inamtoka mdomoni, mikono imefungwa, mtu aliyekuwa anamwandalia kifo anakokotwa kwenda nje, naye akainua kichwa.

"Bwana akida, hilo anasema kweli. Hakuniagiza kitu. Ni kosa langu mwenyewe."

Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zote za mpiga nyundo. Hakupiga hata yowe. Alimtazama tu akida, akisubiri aaminiwe.

"Najua ni kosa," Barbato akasema. "Nilijua tangu ulipofungua mdomo. Hakuna mtu anayejitetea vibaya hivyo kama ana la kuficha." Akamfungua mnyororo yeye mwenyewe, akihangaika na kufuli, maana ufunguo ulikuwa na kutu. "Simpeleki bwana wako kwa ajili ya sarafu. Sarafu ningemsamehe."

Fuskino tulimsikia mpaka kona ya barabara. Alimtaja Hermero kwa jina mara nyingi kuliko alivyomtaja miaka yote ile ya kazi. Alimwita mwanangu. Sikumpenda kamwe mtu yule, na mgongo wangu unajua kwa nini, lakini sauti ile iliniingia masikioni na hainitoki. Hermero aliziba masikio yake kwa mikono ile aliyoachiwa, akalia waziwazi mbele ya watu wote. Mimi nililia pia. Nililia kwa hasira, na kwa furaha, na sikuweza kuzitenganisha.

Nikatoka nje nipate hewa, na nimtume mtu akamwite dada yangu. Pale mlangoni askari mmoja mnene alikuwa ameachwa na nyumbu, ameketi kwenye kivuli cha ukuta anakula mkate na kitunguu. Alinisogezea nafasi. Nikaketi.

"Huko kambini," nikamwuliza, "walipoziona zile sarafu walicheka sana?"

"Nani alicheka?"

"Akida wenu amesema kambi nzima ilicheka. Mambo ya ile mikono."

"Mikono gani?" Alitafuna, akameza. "Akida alizigawa, kila mtu akaiuma yake kwa meno aone kama ni dhahabu kweli. Ilikuwa dhahabu. Tukamshangilia Kaisari mpaka jioni. Yule jemadari mwingine alikuwa ametuahidi ahadi tu, basi asubuhi yake watu wakamwendea hemani kwake na mapanga."

"Na hakuna aliyeitazama picha?"

"Akida hutazama kila kitu, ndivyo alivyo. Sisi wengine tuitazame ya nini?"

Nilimfikiria Fuskino na macho yake yaliyowaka, akieleza lugha ya pembe na usukani. Nilifikiria dengu zilizolowa machozi. Yule askari alifuta mikono kwenye paja, akaingiza vidole ndani ya mkanda wake, akatoa sarafu yake iliyokuwa imefungwa kwenye kitambaa kichafu. Ilikuwa na alama za meno ukingoni, palepale shingoni mwa Kaisari. Akaigeuza upande wa pili, akaisogeza karibu na pua.

"Kumbe kuna mikono," akasema.